Zizi Lilihama, Kaburi Halikuhama

Ninyi mnaosoma historia, jiografia na uraia hapo shuleni kwetu, anayewaandikia hakuingia kidato cha kwanza hata kwa kumsindikiza mtu. Niliishia darasa la saba hapa hapa Iguguno, na siku ya matokeo jina langu halikusomwa. Leo nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma, ukishuka kwenye basi unaiona kabla hujaona msikiti wala kanisa. Mashine ya kukamulia alizeti inayowaamsha asubuhi ni yangu. Watoto wangu wote wamevaa joho. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani mnasoma maneno ya mtu aliyeshindwa na maisha anayetafuta wa kumsikiliza. Sikushindwa. Nilianza na sururu ya kuazima, na nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo tu, kichwa bado kizima.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha makaburi. Barabara ikipanuliwa, jengo likitaka kuinuka, nguzo za umeme zikipita shambani kwa watu, wafu waliolala pale lazima wapishe. Watu waliniita Bwana Mifupa. Mtoto akilia, mama anamwambia, "Nyamaza, Bwana Mifupa anapita." Sikuchukia. Mkoa mzima huu, kuanzia Nduguti mpaka Manyoni, hakuna aliyenizidi kwa kuinua mtu kaburini bila kumvunja kidole. Kama yupo, ajitokeze.

Mwalimu wenu wa historia alikuja kwangu kununua mafuta akanikuta nasimulia habari za kazi hiyo. Akasimama na dumu lake mkononi mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee wangu, hayo ndiyo ninayowafundisha. Kuuliza, kusikiliza, kutazama, kuchora ramani, kupanga mambo kwa wakati, kupima nani ameona na nani amesikia. Wao wanakariri tu. Wanadhani ni maneno ya mtihani. Hebu waandikie."

Basi nawaandikia. Wengi mnadhani kazi ya kuhamisha makaburi ni kuchimba. Kuchimba ni kitu cha mwisho. Makaburi ya saruji yenye msalaba au jina hayakunisumbua kamwe. Yanayosumbua ni ya zamani, ya watu waliozikwa nyumbani kwao kabla hakujawa na makaburi ya kijiji, wakawekewa jiwe, na jiwe likaota majani, na majani yakalimwa. Hayo hayachimbwi kwa sururu. Yanachimbwa kwanza vinywani mwa watu.

Na vinywa vya watu, wanangu, vinahitaji heshima na ujanja.

Aliyenifundisha ni Mzee Kitundu, Mungu amrehemu, mtu mfupi, mkali, asiyejua kusoma, aliyevaa koti moja jua na mvua. Siku za mwanzo alinipeleka Nduguti, walikotaka kujenga. Tukamkuta babu mmoja ambaye kaka yake alizikwa eneo lile. Mimi nikiwa kijana mwenye haraka, nikamwamkia vizuri, nikapiga magoti nusu, nikauliza, "Babu, kaburi la kaka yako si liko chini ya mti ule?"

"Ndiyo, mwanangu."

Nikamgeukia Mzee Kitundu kifua mbele. Kazi imekwisha! Yeye hakuniangalia. Akakaa chini karibu na babu, akampa tumbaku, wakazungumza habari za mvua na ng'ombe. Kisha akauliza kwa sauti ile ile ya kwangu, "Na si liko kwenye kichuguu kile?"

"Ndiyo."

"Au si liko kule karibu na kisima?"

"Ndiyo, ndugu yangu. Kama mnavyosema wageni."

Mzee Kitundu akanivuta pembeni kwa kola. "Umeona? Huyu anakupa heshima. Hajakupa kaburi."

Mnajua wenyewe kwetu jinsi tulivyo. Mgeni amekuja, ameamkia, ameinama, halafu umwambie usoni kwamba amekosea? Haiwezekani. Ukimuuliza mzee wa kwetu swali ambalo jibu lako umeshaliweka ndani, atakurudishia jibu lako limefungwa vizuri kama zawadi. Mkitumwa na mwalimu kwenda kuhoji watu kijijini, msiulize "si ndiyo?" Ulizeni "ilikuwaje?" kisha mfunge midomo. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu. Mimi ninayependa kusema, nawaambieni, ilinichukua miaka.

Lakini sikukaa chini kuwasimulia habari za Nduguti. Nataka kuwasimulia habari za Bibi Salome, upande wa Mungaa, kwa sababu pale kila nilichokuwa nacho kiliitwa kwa wakati mmoja, na kingekosekana kimoja tu, mama yake angekuwa chini ya lami mpaka leo.

Barabara ilikuwa inapanuliwa. Makaburi karibu yote ya njiani tulishayahamisha, yamelazwa kwenye makaburi mapya ya kijiji huko juu penye mawe. Likabaki moja. Bibi Salome, mama mtu mzima wa zaidi ya miaka themanini, alikuja kwa miguu kutoka kijiji alikoolewa, ameshika fimbo, amejifunga kitenge juu ya koti. Moyo wake ulikuwa mbovu, alipumzika kila baada ya hatua chache. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayehamisha watu?"

"Ndiye mimi."

"Mama yangu yuko kwenye barabara yenu."

Mama huyo alikufa Bibi akiwa mtoto mdogo, kabla ya uhuru, akazikwa nyumbani kwao. Nyumba haipo tena, ni shamba tu la mdogo wake, Mzee Athumani, wa baba mmoja na mama mwingine. Bibi alitaka mama yake ahamishiwe kule juu, na pembeni yake pawekwe nafasi. Nafasi hiyo ilikuwa ya kwake mwenyewe. Akaniambia hivi, na nanukuu: "Sikulala naye nikiwa hai vya kutosha. Nitalala naye nikifa. Na sitaki akanyagwe na malori."

Mkuu wa ujenzi alikuwa mtu mwelewa, lakini greda lilishafika kijiji cha jirani. Mwisho wa wiki hiyo lingekuwa shambani kwa Athumani. Asipopatikana kabla ya hapo, basi.

Haya. Kibali kilikuwepo, bwana afya alikuwepo, mtendaji wa kijiji na mchungaji walishaarifiwa. Tuliloshindwa ni kujua achimbwe wapi.

Sasa mimi ni Mnyiramba, Bibi ni Mnyaturu. Kinyaturu nakisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Bibi Kiswahili alikijua cha salamu na cha sokoni, lakini habari za utotoni mtu huzisema kwa lugha aliyonyonya. Mwenyekiti wa kitongoji, Jumanne, mtu mcheshi mwenye tumbo, akajitolea kutafsiri. Nikauliza swali la kwanza, mama alizikwa wapi. Bibi akaongea. Akaongea, akanyoosha mkono huku na huku, akafuta jicho, akacheka kidogo, akaendelea. Alipomaliza, Jumanne akanigeukia.

"Anasema pembeni mwa zizi, upande jua linakochomoza."

"Jumanne!"

"Naam."

"Bibi ameleta debe zima, wewe unanipa kikombe?"

"Mengine ni maneno ya uzee tu, Fundi."

"Nipe hayo hayo ya uzee. Ya ujana utabaki nayo."

Bibi akauliza tunacheka nini, akaambiwa, naye akacheka na kumchapa Jumanne begani kwa fimbo. Lakini kosa lilikuwa limeshafanyika, na sikuliona wakati ule. Jumanne alirudia kutafsiri, safari hii kwa urefu, ila mimi nilikuwa nimeshalishika lile neno la kwanza: pembeni mwa zizi, upande jua linakochomoza. Mtu akishapewa jibu fupi, masikio yake yanafunga duka.

Tukaenda kwa Mzee Athumani. Nikamuuliza peke yake, mbali na dada yake, maana hiyo nayo ni stadi: mashahidi wasikae kwenye benchi moja, watakopeshana maneno. Naye akasema vile vile. Pembeni mwa zizi, upande jua linakochomoza. Akaongeza kwamba mama huyo aliwekewa jiwe la kusagia juu ya kaburi, lile lile alilosagia mtama enzi za uhai wake. Nikamuuliza kama jiwe hilo bado lipo, akasema lipo. Akatupeleka. Kweli, jiwe lilikuwepo, limelala mpakani mwa shamba, lina shimo katikati lililosuguliwa na mikono ya mwanamke. Hatua kadhaa kutoka pale, mabaki ya zizi yanaonekana wazi, vishina vya nguzo vimeoza ardhini.

Mashahidi wawili wameulizwa mbalimbali, wamesema neno moja. Kitu cha kushika mkononi kipo. Nikamwambia Jumanne mbele ya watu, "Leo jioni Bibi atalala na amani." Nilisema kwa sauti. Mnanijua.

Tukachimba. Fundi wa kazi hii hatafuti mfupa, anatafuta udongo. Ardhi ambayo haijawahi kuguswa ina tabaka zake, nyekundu chini, ya kijivu juu, mstari umenyooka kama pindo la shuka. Mahali palipowahi kuchimbwa na kufukiwa, udongo umechanganyika, wa chini umekuja juu, na hata baada ya miaka mia hausahau. Tulichimba karibu na jiwe. Tabaka zimenyooka. Tukasogea, tukachimba tena. Zimenyooka. Hakuna mtu aliyewahi kulala pale tangu dunia iumbwe.

Bibi Salome alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa gari la bwana afya. Aliona tulivyosimama. Hakuhitaji mkalimani.

"Athumani," alisema, safari hii kwa Kiswahili ili wote tusikie, "umempeleka wapi mama yangu?"

"Dada, mimi nimesema nilivyoambiwa na baba!"

"Baba alikuambia wewe? Alipozikwa hukuwa umezaliwa."

"Na wewe ulikuwa mtoto. Mtoto anakumbuka nini? Labda hata zizini hakuzikwa."

"Umelima juu yake! Umelima mama yangu ukavuna mtama!"

Neno hilo lilikuwa zito, na Mzee Athumani alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyesimamishwa barazani. Bwana afya akaniambia taratibu kwamba labda tuchukue udongo wa pale tuuzike kama alama, wengine hufanya hivyo. Ni kweli hufanywa. Lakini Bibi hakuja na fimbo yake mpaka pale kuchukua udongo.

Nikaenda kukaa juu ya jiwe la kusagia. Na hapo ndipo lazima niwasimulie habari za Rehema.

Rehema alikuwa mpima wa barabara, binti mwembamba mwenye buti kubwa, amesoma vizuri. Miaka tuliyofanya kazi pamoja alinifundisha kuchora. Kabla yake nilikuwa nachora kama kuku anavyoparua: hapa nyumba, hapa mti, kila kitu kikubwa kama kingine. Siku ya kwanza alitazama mchoro wangu akasema, "Kaka, kwenye ramani yako mbuzi ni mkubwa kuliko kanisa." Akanifundisha kwamba kila hatua yangu moja shambani iwe na urefu wake mmoja kwenye karatasi, usiobadilika hata kama kitu nakipenda. Akanifundisha kuweka kaskazini kwanza, kabla ya kitu chochote, maana bila hiyo karatasi ikigeuka dunia nayo inageuka. Mimi sioni haya kusema nilifundishwa na binti. Aliyenishinda kwa jambo nilimfuata mpaka nikalijua, ndiyo maana nina nyumba.

Basi Rehema akaja akasimama pale nilipokaa. "Kaka, una uhakika na nini hasa?"

"Wote wawili wamesema zizi."

"Zizi la mwaka gani?"

Nikainua kichwa.

Vijana, nyumba zetu za zamani, zile tembe zenye paa la udongo, zilikuwa zinakaa. Lakini zizi halikai. Samadi inajaa, ng'ombe wanazama mpaka magotini, basi mzee anahamisha zizi, na pale lilipokuwa anapanda mtama, na mtama unatoka mnene kama mianzi. Mimi nimezaliwa kwenye mambo hayo. Baba yangu alihamisha zizi nikiwa nabeba nguzo mwenyewe. Ninajua zizi linahama kama ninavyojua jina langu. Na bado nilisikia neno "zizi" kwa watu wawili waliopishana umri kiasi kile, nikaliona moja, lile lililokuwa mbele ya macho yangu! Ningekuwa mtu wa mjini ningesamehewa.

Tukachukua karatasi ya Rehema. Tukapiga mstari, huu wa wakati. Tukaweka uhuru katikati, maana huo kila mtu anaujua. Mama anakufa: kabla. Bibi Salome anaolewa na kuondoka: kabla pia, kidogo. Athumani anazaliwa: baada ya mama yake kuolewa pale, baada ya msiba. Mtu mmoja aliondoka na zizi moja kichwani. Mwingine alikua na lingine. Hakuna aliyesema uongo. Walikuwa wanatazama mahali pamoja kwenye nyakati mbili.

Nikamwendea Mzee Athumani. Sikuuliza kaburi. Nilimuuliza kitu ambacho mkulima hukijibu hata akiwa na uchungu.

"Mzee wangu, shambani humu mtama unakubali wapi?"

Akanyoosha kidole bila kufikiri. "Pale penye zizi. Na pale bondeni kidogo, karibu na miti ile ya minyaa. Pale hata mwaka wa ukame huwezi kukosa."

"Pale penye minyaa pana nini?"

"Ni pazuri tu. Tangu zamani." Akaitazama ile minyaa. Kisha akasema polepole, "Baba alikuwa akipaita zizi la kwanza. Mimi nilidhani ni jina tu."

"Na hili jiwe la kusagia? Lilikuwa hapa hapa mpakani tangu mwanzo?"

"Hapana! Jembe la ng'ombe lililigonga kule bondeni, mimi nikiwa mtoto nashika kamba, mahali hasa sikumbuki. Baba akalibingirisha mpaka mpakani lisituvunjie jembe."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Fundi. Uliuliza kama jiwe lipo."

Jiwe lilikuwa la kweli. Mahali pake hapakuwa pa kweli. Mkiokota kigae cha chungu, au mkiona picha ya zamani, msiulize tu ni ya nini. Ulizeni imefikaje pale.

Sasa tulikuwa na zizi la kwanza, karibu na minyaa, lakini zizi lina upande mrefu na greda lilikuwa linasikika. Nisingeweza kufukua shamba zima kama nguruwe. Nikamwita Jumanne, nikamwambia, safari hii utatafsiri kila neno, hata akikohoa. Nikakaa chini, mavumbini, mbele ya kigoda cha Bibi, na sikumuuliza kaburi liko wapi. Swali hilo lilikuwa limeshamchosha. Nilimuuliza, "Bibi, siku ile ulikuwa umekaa wapi? Uliona nini?"

Bibi akaizungusha fimbo yake mikononi. Jumanne akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Kisha Bibi akaanza, na Jumanne akamfuata kwa sauti ya chini, neno kwa neno, na ucheshi wote ulikuwa umemtoka:

"Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nimembeba mdogo wangu mgongoni, yule wa tumbo moja, ameshatangulia naye. Alikuwa analilia ziwa. Shangazi aliniambia nisiangalie. Ng'ombe hawakutolewa siku hiyo, walikuwa wanalia zizini, wanataka malisho. Niliambiwa nisiangalie, basi nikaangalia jiwe. Lile jiwe kubwa la kule, lenye mgongo kama ng'ombe aliyelala. Nililikazia macho. Lakini watu walikuja wakasimama kati yangu na jiwe. Walikuwa wengi. Wakainama. Walipoinuka na kuondoka, nikaliona jiwe tena, na hapo chini yake palikuwa na udongo mwekundu."

Jumanne alipomaliza alifuta uso kwa mkono.

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo, hata siku moja, katika maisha yake yote. Watu walimuuliza kaburi liko wapi, akawapa zizi na upande, basi. Mtoto hahesabu hatua. Lakini alijua alichokuwa anakitazama.

Rehema alishaanza kutembea. Jiwe lile lipo, mnajua mawe ya kwetu, hayaendi popote. Tembe ilikuwa wapi? Minyaa ilitwambia. Ua wa minyaa ukiachwa hukua ukawa miti, lakini mstari wake haupotei, na kwenye mstari ule palikuwa na pengo, lango la boma. Mzee Athumani akaja mwenyewe, bila kuitwa, akakwaruza ardhi kwa kisigino ndani ya lango hilo mpaka akaonyesha mawe mawili ya kizingiti cha tembe. Rehema akaweka alama: mlango. Akaweka alama nyingine: jiwe. Akapiga mstari kati yake. Mimi nikachora mipaka ya zizi la kwanza kwa kufuata udongo mweusi, ambao ukiushika unaacha weusi kiganjani. Mstari wa Rehema ulipita nje kidogo ya ukingo wa zizi, upande jua linakochomoza.

Pembeni mwa zizi. Kama walivyosema wote wawili.

Hapo nilishika sururu mwenyewe. Niliondoa udongo wa juu, kisha nikaweka sururu, nikachukua chepeo, kisha mwiko wa mwashi. Tabaka hazikuwa zimenyooka. Nyekundu ilikuwa juu, imechanganyika na ya kijivu. Wachimbaji wenzangu walielewa, wakavua kofia. Kwa kina cha kiuno tukamkuta. Amelala kwa ubavu, mikono karibu na uso, kama walivyolazwa watu wa zamani. Mifupa ya mtu mzima, midogo, ya mwanamke. Wakati ule greda lilikuwa linaunguruma karibu, na mkuu wa ujenzi, bila kuambiwa na mtu, alinyoosha mkono na likazimwa.

Tulimwinua. Ni kazi ya kimya, sitawasimulia. Tukamweka ndani ya sanda kwenye sanduku dogo la mbao. Mchungaji akasogea na kitabu chake. Mzee Athumani, ambaye ni Mwislamu, akasimama upande wa pili na viganja vyake vimefunguka. Bibi Salome akanyanyuka kwenye kigoda, akaja mpaka pale, akanishika mkono wenye udongo.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Ni yeye?"

Vijana, ninyi mnanijua. Mtu mzima mimi sijawahi kukosa la kusema. Nimejisifu mbele ya wakuu wa wilaya. Na pale kila mtu alikuwa anangoja niseme "ndiyo", akiwemo bwana afya, akiwemo mchungaji. Neno moja tu, na mgonjwa wa moyo akapumzike. Lakini nikamkumbuka yule babu wa Nduguti. Ningempa Bibi heshima, nisingempa mama yake.

Nikamwambia, "Bibi, mfupa hauna jina. Najua zizi ni lile la wakati wako. Najua mstari ni wa macho yako. Najua hapa alizikwa mwanamke, na ndugu yako hajui mwingine aliyezikwa upande huu. Mimi naamini ni yeye. Kuona, sikuona. Aliyeona ni wewe."

Jumanne akatafsiri, ingawa nadhani Bibi alikuwa ameshaelewa. Aliniachia mkono. Akageuka taratibu, akaitazama ile miti ya minyaa, akatazama lilipokuwa lango. Akatembea kwa fimbo yake mpaka kwenye yale mawe mawili ya kizingiti. Hakuna aliyemfuata. Akajishusha chini, kwa shida, akakaa mlangoni kwa baba yake, mgongo umenyooka, kama mtu aliyebeba mtoto. Akatazama lile jiwe.

Alikaa pale muda mrefu. Sisi tulikuwa tumesimama kati yake na jiwe, wengi, karibu na shimo. Rehema ndiye aliyeelewa kwanza. Akatuvuta kwa mikono, mmoja mmoja, tukasogea pembeni.

Bibi aliporudi, Athumani akiwa amemshika kiwiko, alipiga magoti mbele ya sanduku. Yeye alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Aliyekuwa ndani alikufa angali kijana, umri wa kuweza kuwa mjukuu wake. Aliinamisha kichwa kama mtoto anavyofundishwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akangoja kidogo, kwa adabu, muda ule ule ambao mtu mkubwa huchukua kuitikia. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama aliyesikia marahaba, akainuka, akatuambia twende.